Kijana Ameleta Altezza Nyumbani? Kagua Matairi ya Nyuma

Mama mpendwa, huenda kwako limekwisha kuingia. Ni gari dogo la Kijapani, limekaa chini, taa zake za nyuma ni za mviringo ndani ya kioo kinachong'aa, na mlio wake unausikia kabla halijakata kona ya kwenu. Vijana wanaliita Altezza, na hilo ndilo jina lililopewa na kiwanda. Toyota walianza kuliuza mwaka 1998 wakaacha mwaka 2005. Huko Ulaya na Marekani lilijulikana kwa jina la Lexus IS. Tangu mwanzo lilikusudiwa liwe gari la michezo lenye milango minne, na mara lilipotoka lilipewa tuzo ya gari la mwaka huko Japani. Kwa hiyo kijana akikuambia, "Mama, hili gari si mchezo," mwambie kwa upole kwamba ni la mchezo hasa.

Siandiki ili wazazi wawakataze vijana wao magari. Gari likitunzwa linamfaa mwenyewe na jamaa zake, na hapa Bariadi Altezza moja hubeba wanakwaya, wagonjwa, magunia ya mchele na bibi harusi katika juma moja. Ninachotaka tukitazame pamoja ni matairi, na hasa yale ya nyuma, wakati lami imelowa. Mimi ni muuguzi, si fundi wa magari. Lakini fundi huletewa gari kesho yake asubuhi. Sisi wa zamu ya usiku huletewa waliokuwa ndani.

Barabara zetu zimebadilika sana. Simiyu ilipofanywa mkoa mwaka 2012, makao makuu yakiwa hapa Bariadi, safari ya kwenda Lamadi ilikuwa ya vumbi na mashimo, na hakuna aliyeweza kukimbia hata kama alitaka. Lami ya Lamadi hadi Bariadi, kilomita 71.8, ilizinduliwa mwaka 2017. Baadaye lami ikaunganisha Bariadi na Maswa, na Maswa na Mwigumbi, njia ya kwenda Shinyanga. Tunaishukuru lami hiyo, maana mama mwenye uchungu anafika hospitali mapema. Ila sasa kijana mwenye miaka ishirini na mitatu anaweza kwenda kilomita 120 kwa saa mahali ambapo baba yake alikwenda 30, na mvua zetu zikianza Novemba, lami hiyo hiyo huwa kama sahani iliyopakwa mafuta.

KUVUTWA NA KUSUKUMWA

Magari mengi madogo tunayoyaona mjini, kama Vitz, IST na Spacio, yanavutwa na magurudumu ya mbele. Altezza haliko hivyo. Injini iko mbele, lakini nguvu inapita kwenye propela chini ya gari hadi kwenye difu ya nyuma, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Ndivyo yalivyo pia magari ya Mark II, Chaser, Cresta, Crown, Verossa na Mark X. Ndivyo zilivyo haisi, na ndivyo ilivyo Noah ile ya zamani ambayo injini yake iko chini ya viti vya mbele. Basi hata wewe ambaye huna kijana mwenye Altezza, huenda Jumamosi iliyopita ulikwenda Lamadi sokoni ndani ya gari linalosukumwa kutoka nyuma.

Tofauti yake ni ipi? Tazama mkokoteni wa ng'ombe na toroli. Mkokoteni unavutwa, kwa hiyo nyuma yake hufuata walikokwenda ng'ombe, hata kwenye tope. Toroli unalisukuma. Ukilisukuma kwa nguvu kwenye utelezi huku unakata kona, linakukimbia ubavuni na mzigo unamwagika. Gari linalosukumwa kutoka nyuma lina tabia ya toroli. Kwenye lami kavu tabia hiyo ndiyo inayowafurahisha vijana, kwa maana usukani unakuwa mwepesi na gari linaingia kona vizuri. Kwenye lami iliyolowa, mguu ukikanyaga mafuta kidogo kupita kiasi, magurudumu ya nyuma yanazunguka bure na mkia wa gari unakwenda pembeni.

Tairi lina nguvu yake ya kushika barabara, na nguvu hiyo ina kiwango, kama mshahara. Tairi la nyuma la Altezza linatoa kwenye mshahara huo huo fedha za kusukuma gari na fedha za kulizuia lisitoke kwenye kona. Likitumia zote katika kusukuma, ya kona hakuna. Mvua inaupunguza mshahara wenyewe, na tairi baya linaupunguza tena.

Sehemu ya tairi inayogusa barabara ni ndogo ajabu. Gari hili lina uzito wa kilo 1,300 na zaidi kabla abiria hawajaingia, na ukigawa uzito huo kwa magurudumu manne na kwa upepo uliomo ndani ya tairi, unapata eneo la kama sentimita 12 kwa 12 kwa kila gurudumu. Ni kiganja cha mwanamume aliyekunjua vidole. Gari zima, pamoja na watoto wa dada yako walio kiti cha nyuma, limesimama juu ya viganja vinne.

Sasa weka maji. Matairi ya Altezza nyingi yana upana wa milimita 205 au 215. Kama barabarani kuna maji ya kina cha milimita 3 tu na gari linakwenda kilomita 80 kwa saa, kila tairi la mbele linakutana na maji ya lita 14 hivi kila sekunde. Ndoo yetu ya lita 20 hujaa kwa sekunde moja na nusu. Maji yote hayo ni lazima yapite mahali, na mahali pake ni ile mifereji iliyochongwa kwenye tairi, ambayo mafundi wengine huhesabu pamoja na meno yake na kuyaita kashata. Mifereji ikiwa imekwisha, maji hayana njia. Yanajikusanya chini ya tairi na kulinyanyua, na gari linaelea kama mtumbwi. Wakati huo breki hazina kazi, usukani hauna kazi, na dereva anausikia ghafla kuwa mwepesi mikononi.

UPEPO NA KIPARA

Katika miaka ya 1960 watafiti wa shirika la anga la Marekani, NASA, walilichunguza jambo hili kwa ajili ya ndege zinazotua kwenye mvua, wakaona kwamba mwendo ambao tairi huanza kuelea kwenye maji mengi unategemea sana upepo uliomo ndani yake. Kwa hesabu yao, tairi lenye upepo wa paundi 32 huelea kwenye mwendo wa kilomita 94 hivi kwa saa. Tairi hilo hilo likiwa na paundi 20 huelea kwenye kilomita 74. Tofauti ya hizo kilomita 20 inaweza kununuliwa kwa sarafu chache kwa mtu wa pancha. Kiasi sahihi cha upepo kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Magari mengi ya namna hii hutaka kati ya paundi 30 na 35, na hupimwa asubuhi matairi yakiwa ya baridi. Msikubali kijana "apunguze upepo ili gari lishike." Kwenye mchanga ni kweli, kwenye lami ya mvua ni kinyume.

Kuhusu kipara, ndani ya mifereji ya tairi kuna vituta vidogo vya mpira. Kituta kikilingana na uso wa tairi, maana yake imebaki milimita 1.6, na nchi za Ulaya hairuhusiwi kisheria kwenda chini ya hapo. Lakini kwa mvua tusingoje kufika huko. Tairi jipya la gari dogo huwa na kina cha milimita 8 hivi, na wataalamu wengi hushauri kubadilisha likifika milimita 3. Kupima si kazi ngumu. Chukua njiti ya kiberiti, iingize kwenye mfereji mpaka chini, weka alama kwa ukucha, kisha ilaze juu ya rula ya mtoto wa shule.

Pima sehemu tatu, yaani ukingo wa nje, katikati na ukingo wa ndani. Huo wa ndani ndio wanaousahau wote. Vijana wengi wenye Altezza hukata springi ili gari likae chini zaidi, na gari lililokatwa springi magurudumu yake huinama, juu yakiingia ndani na chini yakitoka nje. Ukisimama pembeni unaona tairi zuri lenye mifereji. Ukingo wa ndani umekwisha mpaka nyuzi zinachungulia. Magurudumu ya mbele unaweza kuzungusha usukani ukayaona. Ya nyuma hayageuki, kwa hiyo hapana budi kuinama na tochi, au kupitisha kiganja polepole nyuma ya tairi gari likiwa limezimwa. Ukiguswa na nyuzi za chuma, gari hilo lisiondoke. Na kabla ya kununua matairi mapya, springi zirudishwe na alaimenti ipimwe, la sivyo mapya yataliwa vivyo hivyo ndani ya miezi michache.

MATAIRI YA THELUJI SIMIYU

Hapa ndipo pananishangaza kuliko pengine pote, na nadhani akina mama wengi hawajawahi kuambiwa.

Mtoto wa dada yangu alinunua Altezza la fedha, safi, likiwa na matairi manne yenye mifereji mirefu. Kila aliyeyaona aliyasifu. Mvua ya kwanza, akiwa na wasichana watatu wa kwaya kiti cha nyuma, alitoka kwenye tuta nje ya mji, akakanyaga mafuta, na gari likazunguka lote likatazama lilikotoka. Kwa neema hakukuwa na lori. Mama yake akasema liuzwe kesho yake. Yeye akaja kwangu kunitaka nimwombee kwa mama yake.

"Mama mdogo, si makosa ya gari. Matairi ni ya Japani, mapya kabisa."

Nikamwomba anipeleke kwa fundi wake wa matairi. Fundi yule ni mzee asiyependa maneno mengi. Aliinama, akapangusa ubavu wa tairi kwa kitambaa, akaniita.

"Sista, soma hapa."

Palikuwa na neno moja la Kiingereza, STUDLESS. Fundi akabonyeza mpira kwa kidole gumba ukabonyea kama mkate.

"Haya ni ya barafu," akasema. "Bariadi barafu tunauziwa kwenye mifuko ya plastiki."

Japani ina mikoa yenye theluji nyingi, hasa kaskazini kule Hokkaido, na wenye magari huko hubadilisha matairi kila majira ya baridi. Gari likiuzwa wakati huo, husafirishwa likiwa na matairi yake ya theluji, na hivyo ndivyo yanavyofika Dar es Salaam, na hatimaye huku kwetu. Mpira wake umechanganywa ili ubaki laini kwenye baridi, na kila jino lake limekatwakatwa kwa nyufa nyembamba kama wembe ili zing'ate barafu. Kwenye joto letu mpira huo huwa laini mno. Meno yanapinda na kuyumba, na gari linahitaji umbali mrefu zaidi kusimama kwenye lami iliyolowa kuliko likiwa na tairi la kawaida lenye kina kile kile. Kwa hiyo mtu anaangalia mifereji mirefu, anaridhika, na kumbe amepanda tairi lisilo la nchi yake.

Litafute neno hilo STUDLESS ubavuni, au mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji ndani. Herufi M+S peke yake si ushahidi, kwa sababu matairi mengi ya magari makubwa ya porini huwa nazo. Nyufa zile nyembamba zikijaa kila jino, uliza.

UMRI WA TAIRI

Wauguzi tunafundishwa kusoma tarehe kwenye chupa ya dawa kabla ya kusoma jina. Tairi nalo lina tarehe. Ubavuni tafuta kijiduara kirefu chenye tarakimu nne. Mbili za kwanza ni juma la mwaka na mbili za mwisho ni mwaka wenyewe. 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo liliundwa kabla ya mwaka 2000, na usizungumze bei. Wakati mwingine tarehe imeandikwa upande mmoja tu, nao umefungwa ndani. Mwombe fundi alichomoe akuonyeshe. Akikataa kukuonyesha, nenda kwa mwingine.

Mpira unazeeka hata usipotembea. Jua linaukausha, unakuwa mgumu, unapata nyufa ndogo kama kisigino cha mkulima, na mpira mgumu hauwezi kujibana kwenye vijiwe vya lami. Viwanda vikubwa hushauri tairi lichunguzwe na fundi kila mwaka likishatumika miaka mitano, na likifika miaka kumi tangu liundwe litupwe hata kama mifereji ipo. Kwa jua letu, na kwa gari linalolala nje chini ya anga, mimi nisingengoja hiyo kumi. Ndiyo maana sifurahii matairi ya mtumba yanayopangwa barabarani yakiwa yamepakwa dawa nyeusi yang'ae. Rangi hiyo inaficha nyufa. Anayelazimika kuyanunua asome tarehe kwanza, kisha akunje ubavu kwa mkono aone kama nyufa zinafunguka.

Yako mengine ya kusoma. Ukubwa huandikwa hivi: 205/55R16 91V. Hiyo 205 ni upana kwa milimita, 55 ni urefu wa ubavu ukilinganishwa na upana kwa asilimia, 16 ni rimu kwa inchi, 91 maana yake tairi linabeba kilo 615, na V ni mwendo wa mwisho, kilomita 240 kwa saa. Fuata ukubwa ulio kwenye karatasi ya mlangoni. Rimu kubwa za inchi 18 zenye matairi mapana zinapendeza kwenye picha za harusi, lakini tairi pana huelea juu ya maji mapema kuliko jembamba lenye upepo sawa, na ubavu mfupi hupasuka kwenye mashimo.

Kuhusu kushika maji yenyewe, kuna alama zinazosaidia. Matairi yanayouzwa Ulaya tangu Novemba 2012 huja na karatasi yenye mchoro wa wingu la mvua na herufi. A ndiyo bora. Katika mfumo ule wa 2012, gari lenye matairi manne ya A likifunga breki kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa lilisimama zaidi ya mita 18 kabla ya lile lenye matairi ya F. Mita 18 ni zaidi ya upana wa barabara yetu pamoja na mitaro yake, na ndani yake anaenea mtoto, mbuzi wake na baiskeli ya baba yake. Tangu Mei 2021 herufi ni A hadi E. Wajapani nao wana mfumo wao tangu 2010, wa herufi ndogo a hadi d. Kama karatasi imekwisha kubanduliwa, matairi yaliyoundwa kwa soko la Marekani huwa na maneno ubavuni: TREADWEAR na namba, kisha TRACTION na herufi. TRACTION ndiyo inayohusu kufunga breki kwenye maji. AA ni bora, halafu A, na C ni ya mwisho. Namba ya TREADWEAR ikiwa kubwa sana, tairi litadumu, lakini aghalabu mpira wake ni mgumu zaidi. Kwa teksi ya kutwa nzima huo ni uchumi. Kwa Altezza linalobeba watu usiku wa mvua ningechagua namba ya katikati na herufi nzuri.

Zamani mwenye gari alikuwa hana budi kuchagua kati ya tairi linaloshika maji na tairi lisilokula mafuta. Mwaka 1992 kampuni ya Michelin ya Ufaransa ilianza kuuza matairi ya magari madogo ambayo mpira wake ulichanganywa na silika, madini yanayotokana na mchanga, badala ya sehemu kubwa ya masizi meusi yaliyotumika siku zote. Kampuni nyingine zikafuata, na leo tairi zuri la mvua karibu lote ni la silika. Ukiona neno hilo kwenye maelezo ya muuzaji, ni dalili njema.

Tazama pia mishale. Tairi lenye mifereji iliyokaa kama mfupa wa samaki huandikwa ROTATION na mshale, nalo lazima lizunguke kufuata mshale huo ili lisukume maji nje. Likifungwa kinyume linayakusanya maji katikati. Mengine yameandikwa OUTSIDE, na neno hilo ni lazima lionekane ukiwa umesimama nje ya gari. Hata mtoto wa darasa la tano anaweza kukagua hilo fundi akiwa bado anafuta mikono.

FEDHA ZIKITOSHA MAWILI TU

Turudi kwa kijana wetu. Fedha alizokuwa nazo, ambazo nusu yake alikusudia kununulia rimu, zilitosha matairi mawili mapya ya kuaminika, au manne ya mtumba. Mama yake alitaka manne. Ni mawazo ya mama yeyote mwenye hesabu: manne ni mengi kuliko mawili. Nilimwambia dada achague mawili mapya, na yale mawili mengine yatafutwe ya kawaida yasiyo ya theluji, yenye umri mdogo na kina cha kutosha, mpaka msimu wa pamba utakapoleta fedha nyingine.

Ndipo ukaja ubishi wa yafungwe wapi. Kijana alitaka mapya yafungwe mbele, "kwa sababu ya usukani." Madereva wengi husema hivyo, na maneno yao yanasikika ya busara. Lakini makampuni ya matairi, Michelin na Bridgestone wakiwemo, hushauri mapya yafungwe nyuma, hata kwa gari linalovutwa na mbele. Mbele ikiteleza, gari linakataa kukata kona na kwenda moja kwa moja. Dereva anashtuka, anaachia mafuta, mwendo unapungua, na mara nyingi matairi yanashika tena. Nyuma ikiteleza, gari linazunguka, na dereva wa kawaida hana muda wa kulirudisha. Kwa gari ambalo nyuma ndiyo inayosukuma, sababu zinakuwa mbili. Fundi mzee alisikiliza ubishi wote kimya, halafu akayafunga nyuma bila kumwuliza mtu.

Mawili ya nyuma ni lazima yawe pacha: kampuni moja, aina moja, ukubwa mmoja, yamelika sawa. Moja likiwa kubwa kuliko jingine, difu inafanya kazi ya kusawazisha kutwa nzima hata njia ikiwa imenyooka. Altezza nyingine zina difu ya kubana, ile inayozuia gurudumu moja kuzunguka peke yake, na hiyo huchemka na kuharibika upesi ikipewa matairi yasiyolingana.

Kwa njia za udongo kwenda vijijini sina ushauri wa tairi la Altezza. Udongo wetu mweusi wa mbuga ukilowa unajaza mifereji yoyote na kuifanya kipara ndani ya mizunguko mitatu. Gari la namna hiyo liachwe kwenye lami, mtu amalizie kwa miguu au kwa trekta. Ila tukumbuke kwamba udongo huo huo hubebwa na matrekta, mikokoteni na kwato za ng'ombe ukawekwa juu ya lami, na mvua fupi ikiulowesha unateleza kuliko maji matupu. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ni mbaya zaidi, kwa kuwa inakuta vumbi na mafuta ya miezi mingi. Nusu saa ya mwanzo ni ya kupunguza mwendo kwa tairi lolote.

Matairi mapya nayo yana utelezi wake kidogo siku za kwanza, kutokana na mafuta ya kiwandani, mpaka yatembee kilomita mia mbili au tatu. Kijana aambiwe hivyo kabla hajatoka kuyajaribu. Aambiwe pia asishushe gia kwa nguvu kwenye kona iliyolowa, maana injini ikiyafunga magurudumu ya nyuma ghafla, mkia hutoka sawasawa na pale anapokanyaga mafuta. Magari mengi ya Toyota ya otomatiki yana kitufe kilichoandikwa SNOW, ambacho huondoa gari na gia ya pili ili nguvu isije kwa kishindo. Hapa kwetu kitumieni kwenye mvua. Hakijui kama chini ni theluji au ni tope la Bariadi.

Mwisho, fungueni buti mtazame spea. Magari mengi ya namna hii huja na spea jembamba lililoandikwa TEMPORARY USE ONLY. Hilo hutaka upepo wa paundi 60, na mwendo wake wa mwisho ni kilomita 80 kwa saa hata jua likiwaka. Lisifungwe nyuma kwenye mvua. Pancha ikiwa ya nyuma, toa tairi zima la mbele ulipeleke nyuma, kisha spea lifungwe mbele. Ni kufungua nati mara mbili na kulowa mara mbili, kwa hiyo jeki, spana na kipande cha turubai vikae ndani ya buti pamoja nalo, na upepo wa spea upimwe siku ile ile mnayopima mengine.